Taa Yangu Nyeupe na Sare ya Damu ya Mzee

Tangu turudi kutoka Ohio, kila ninayekutana naye msikitini ananishika mkono hauachii. "Ehe, ilikuwaje?" Nimeshasimulia mara saba, na kila nikisimulia mke wangu ananikatiza na kunisahihisha. Sasa naandika mara moja, msome nyote, mniache ninywe chai yangu. Habari za kuomba ruhusa kazini na kutafuta vyumba njiani nazipita, hazina utamu.

Kwanza mjue tulikuwa tunaendea nini. Mke wangu Hamisa ana dada mmoja tu, Zena, anayekaa Columbus. Walikuwa hawajasemezana miaka mitano. Mama yao alipougua Mombasa, Zena alijua akanyamaza, kwa sababu Hamisa alikuwa na mimba iliyomsumbua na daktari alikuwa amemwambia asiinuke kitandani. Si mnajua tulivyo, mtu aliye mbali anafichwa mabaya mpaka yapite. Hamisa alipata habari siku tatu baada ya maziko. Mtoto alipozaliwa tukampa jina la bibi yake, Rukia. Zena alikuwa hajamtia machoni.

Halafu wiki sita kabla ya harusi ya binti yake Zena ikaja bahasha. Ndani hamna barua wala kadi. Mna kipande cha kitambaa, upana wa kiganja, rangi ya damu ya mzee. Hamisa alikitazama, akakaa chini palepale kwenye zulia la mlangoni. Kina mama mnaosoma haya hamhitaji kuelezwa. Kile kilikuwa kipande cha sare, anaitwa akasimame na wenyewe. Akienda na rangi ile, yamekwisha. Asipokwenda, au akienda na rangi yake, atakuwa amemjibu dada yake mbele za watu, na hapo sijui nani angewapatanisha tena.

Nikamwambia, "Mpigie, muulize kanunua duka gani."

"Yeye alinipigia?"

Basi tukayazunguka maduka ya Wasomali Minneapolis, moja baada ya jingine, kipande mkononi kama watu waliopotelewa na mtoto na picha yake. Hakuna. Rafiki yake mmoja wa Tanga, anafanya kazi hospitali huko Maplewood, akasema Chicago kuna mtaa mzima wa Wahindi, nguo zake hazina hesabu. Chicago iko njiani. Tukasema haya, tutanunua tukipita.

Bloomington, tukiwa bado nyumbani

Niwaeleze habari ya taa, maana najua wengine mmesikia upande mmoja tu.

Taa ya ndani ya gari letu, ile ya darini, ilikuwa ya njano na dhaifu, na Rukia ana tabia ya kuiwasha akaisahau. Mara mbili Januari nimetoka asubuhi nikakuta betri imekufa, na baridi ile mnaijua, ndevu zinaganda. Kazini Plymouth jamaa akaniambia, weka globu ya LED, inakula stima kidogo mno, hata mtoto akiiacha usiku kucha gari litawaka. Nikainunua saa ya chakula.

Kazi ya dakika tano, akaniambia. Ilinichukua Jumamosi nzima. Kifuniko cha plastiki nilikibandua kwa kijiko, kwa baridi ile kikapasuka pembeni. Globu ya zamani ni kama kidonge kirefu chenye ncha mbili za chuma, nikaishika ikiwa ya moto, ikanichoma kidole. Nikapachika ile mpya. Kimya. Nikamtukana aliyeniuzia, nikamtukana na aliyeitengeneza, kisha nikakumbuka kwamba LED ina chanya na hasi. Nikaigeuza. Ikawaka pe! Mwanga mweupe, wa kuumiza macho. Nikamwita Hamisa aje aone.

"Kama chumba cha maiti," akasema.

Mimi niliona mchana mtupu. Nilikaa mle ndani robo saa nasoma karatasi za bima, si kwamba nilikuwa na haja nazo, ila zilikuwa zinasomeka. Nilijiona fundi.

Wisconsin

Tulitoka baada ya alfajiri, kiza bado. Mbele mimi na Hamisa, nyuma Rukia na penseli zake, taa inawaka juu yake anachora. Tumevuka mto, tumekwenda kama saa moja, nikaona taa za askari kioo cha nyuma.

Alikuwa kijana mpole. Akainama dirishani, akatazama darini.

"Bwana, una taa ya buluu ndani ya gari."

"Ni nyeupe," nikasema.

"Naiona buluu. Taa za buluu ni zetu sisi."

"Afisa, ni nyeupe. Ni LED. Niliiweka mwenyewe."

Akaenda akamleta mwenzake. Yule akaitazama sana, akasema yeye anaiona nyeupe, ila nyeupe ya kibuluu. Wakasimama barabarani kwenye baridi wanabishana, magari yanapita, mimi nimeshika usukani mikono yote miwili kama tulivyofunzwa. Hamisa akawafungulia dirisha akawauliza kama watakula katlesi. Walikataa kwa adabu. Mwishowe wakaniambia niizime nikiwa barabarani, wakatuacha. Rukia akaanza kulia kwa Kiingereza kwamba farasi wake hajamaliza miguu.

"Wameiona wawili," Hamisa akasema. "Wote wametaja buluu."

"Macho yao yamezoea buluu," nikamjibu.

Mbele zaidi lori la maziwa lilikuwa limelala ubavu, njia imefungwa. Tulikaa pale zaidi ya saa mbili. Watu wakatoka magarini wakaanza kujuana. Mama mmoja mnene, kofia ya sufu imemfunika nyusi, akatuletea mfuko wa jibini ya vipande vidogo, ukitafuna inalia kwenye meno. Hamisa akamuuliza, taratibu, kama ndani mna kitu cha nguruwe. Sasa yule mama alisikia nguruwe akachangamka, akadhani tunaulizia mifugo. Akatueleza habari za nguruwe wake mmoja mmoja, kwa majina, akaenda gari lake akarudi na picha. Tulitazama picha kumi na mbili za nguruwe. "Mashallah," Hamisa akawa anasema kila picha, hakujua aseme nini kingine. Tukampa mahamri, akayala akasifu. Jibini yake ilibaki kwenye mfuko hadi Ohio, hakuna aliyethubutu kuila wala kuitupa.

Chicago

Kwa hivyo badala ya kufika adhuhuri tulifika jua linazama. Ramani nilikuwa nimeichapa kazini, kurasa sita, Rukia akazichora farasi nyuma na kuzichanganya, tukazunguka daraja moja mara tatu. Mtaa tulipoupata, maduka yalikuwa yanaanza kufunga.

Katika la nne tulilolijaribu kulikuwa na mama mtu mzima wa Kihindi, shali begani, soksi nene ndani ya ndara. Sisi tulikuwa tushaanza kurushiana maneno kwa sababu ya lile daraja. Akatuachia tuseme, kisha akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Ugomvi muuache mlangoni, ndani ni biashara."

Alaa! Kumbe kazaliwa Nakuru, kaondoka msichana. Hamisa alimkumbatia kama wamelelewa pamoja. Akakitazama kipande, akasema hicho hana, lakini ana majora mawili ya kukaribiana nacho sana. Akayashusha. Chini ya taa zake za njano Hamisa akaweka kipande juu ya la kwanza, akaweka juu ya la pili, akarudi la kwanza.

"Nadhani hili la kwanza," akasema. "Lakini sina yakini."

Hapo ndipo nilipoingia mimi, na hakuna aliyenituma. Nikasema taa za duka hili ni za njano, zinadanganya rangi, hebu tuyapeleke kwenye gari, mimi nina taa nyeupe.

Yule mama akaniangalia. "Baba, rangi ya nguo inatazamwa kwa jua. Laleni hapa, mje asubuhi."

"Harusi ni kesho," nikasema. "Na mwenye macho haambiwi tazama."

Wallahi nilisema hivyo. Mama wa watu akajifunga shali, akabeba jora moja, mimi nikabeba jingine, tukaingia garini wote wanne tukafunga milango. Nikawasha. Kipande juu ya jora la kwanza kikaonekana kama kiraka. Juu ya la pili kikapotea, usijue kinaanzia wapi.

"Unaona?" nikamwambia Hamisa. "Unaona?"

Akapitisha kidole, akatafuta ukingo. "Ni lenyewe," akasema pole pole, na nikamwona mabega yamemshuka, maskini, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Taa nzuri," yule mama akasema akifungua mlango. "Lakini si jua."

Alikuwa na fundi wake ndani. Wakati anamshonea Hamisa dira, lile vazi pana la kike, tukaenda hoteli ya jirani, tukala bhajia na biriani, chai ya tangawizi inakwaruza koo. Hamisa alikuwa anacheka. Alikuwa anamwigiza dada yake Zena anavyotembea akiwa na watu, kidevu juu, mkono kiunoni, na Rukia akataka aonyeshwe tena na tena. Sikuwahi kumsikia akilitaja jina la Zena akicheka tangu mtoto azaliwe. Nilijipongeza moyoni, nikaagiza chai ya pili.

Indiana

Tulilala katika hoteli ndogo ya kando ya barabara. Asubuhi Rukia alikuwa chini kwenye mashine ya kujikaangia mikate ya mayai na mimi namwangalia asijichome. Tuliporudi chumbani pazia lilikuwa wazi, theluji imejaa nje, jua limepiga juu yake. Hamisa amesimama dirishani, dira mkono huu, kipande mkono huu.

"Baba Rukia," akasema, akaviinua vyote viwili juani.

Zambarau. Zambarau tupu, ile ya kuacha doa kwenye ulimi. Na kipande chake kando, chekundu kilichoiva, damu ya mzee hasa. Hata asiyejua rangi angejua hizi si ndugu.

Nililichukua dira nikashuka nalo hadi garini, nikafunika vioo kwa koti, nikawasha taa. Zikafanana. Nikatoka nje, zikaachana. Nikarudi ndani, zikafanana. Mara tatu. Nilipoinua kichwa Hamisa alikuwa amesimama mlangoni mwa gari na ndara za chumbani.

"Ukiingia mara ya nne itageuka?"

Niliona haya, jamani, haya ya kweli, na badala ya kidole kile ningependa ungeungua mkono wote.

"Tugeuze gari," akasema. "Turudi nyumbani."

"Hamisa."

"Wataniona naingia na zambarau katikati yao wote. Watasema huyo kapelekewa kipande akaja na rangi yake makusudi. Zena atasema nimekuja kumtukana mlangoni kwake, siku ya mwanawe. Na mimi nikiwa yeye, ningesema hivyohivyo."

Nikamwambia turudi Chicago tubadilishe. Tukahesabu saa, haikuwezekana, shughuli ya wanawake ilikuwa mchana uleule. Nikamwambia ampigie dada yake amweleze. Akatazama upande wa pili. Basi nikapakia mizigo, nikaingia barabara kuu, nikashika njia ya Columbus. Aliona kibao, akakisoma, hakusema nigeuze. Nikajua anataka kufika na anaogopa kufika. Saa zote zile hakula kitu. Rukia akaimba peke yake nyuma hadi akachoka.

Columbus

Nyumba ya Zena iko mwisho wa mtaa, milango myekundu, tuliijua kwa magari. Nikaegesha ng'ambo. Wanawake walikuwa wanaingia kwa makundi, makoti wameyafungua kifuani ili sare ionekane, na ukumbi ule wa mlangoni ulikuwa umejaa damu ya mzee. Hamisa alikuwa amelivaa lile dira, maana hakuwa na jingine la maana, na juu yake koti lake la theluji, zipu hadi shingoni.

"Mimi sishuki," akasema.

Tukakaa. Nilisikia harufu ya udi hadi garini. Kila wanawake wakifika alikuwa anainama kidogo asionekane. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, nami nimekaa pale na usukani wangu, mtu mzima na akili zangu, sijui niguse wapi.

Rukia akasema kwa Kiingereza kwamba anataka choo. Mama yake akamwambia kwa Kiswahili avumilie. Akajibu kwamba amevumilia tangu Indiana. Kabla sijageuka alikwisha vuta mlango akashuka, akavuka barabara, akapita katikati ya wale wanawake akaingia.

"Mfuate!" Hamisa akaniambia.

"Ni nyumba ya wanawake leo, niende wapi?"

Haikupita dakika tatu. Mlango ukafunguka akatoka Zena, bila koti, ndara za ndani kwenye theluji, dhahabu shingoni, hina hadi viwikoni. Alivuka barabara bila kutazama magari. Akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akaubamiza. Taa yangu ikawaka juu ya vichwa vyetu.

"Mtoto kaingia kwangu akaenda moja kwa moja chooni," akasema. "Nimemngoja mlangoni. Nikamuuliza, wewe wa nani? Kanijibu kwa Kizungu kwamba yeye ni Rukia, na mama yake analia ndani ya gari kwa sababu ya rangi." Sauti ikamkatika. "Ana uso wa mama. Ana uso wa mama, Hamisa, na hakuna aliyeniambia."

Hamisa hakugeuka nyuma. Alifungua zipu ya koti. "Sikufanya makusudi," akasema. "Nilitafuta. Wallahi nilitafuta."

Zena akafungua tena mlango ili mchana uingie, akatazama. "Zambarau."

"Najua."

"Mmeinunua wapi?"

"Chicago."

"Chicago! Mbona hukuniuliza duka?"

"Uliniletea kipande kitupu. Hakina barua, hakina jina la duka, hakina chochote."

"Ndiyo!" Zena akapiga kiti cha mbele kwa kiganja. "Ndiyo, nilifanya kusudi! Nikasema, kuna mwanamke gani duniani atakayeletewa kipande cha sare asipige simu kuuliza duka? Nikasema, hata kama ananichukia, hili atauliza. Wiki sita natembea na simu ya nyumbani, ile isiyo na waya, naingia nayo bafuni. Dira lako liko ndani, nimekushonea mimi mwenyewe. Nilikuwa namngoja mtu aulize tu."

Hamisa akasema, sauti ndogo, "Na mama alipokuwa anaumwa, hiyo simu ilikuwa wapi?"

Nilitamani kushuka, lakini kushuka ilikuwa vibaya kuliko kukaa.

"Nilikosa," Zena akasema. "Niliogopa utampoteza mtoto. Ningekuambia, ungelia pamoja nami. Nimemlilia peke yangu, Hamisa. Nimekosa, nisamehe." Akafuta uso kwa mkono wa hina. "Tumehama nyumba mara mbili. Namba sijabadilisha. Mume wangu alitaka, nikakataa." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe shemeji, miaka mitano, huna kidole?"

Nilikuwa nayo namba. Nilikuwa nayo muda wote, na nilijiambia ni mambo ya ndugu wawili.

Hamisa akafungua mkoba akatoa simu yake. Akabonyeza namba, hakutafuta popote, alikuwa nayo kichwani. Tukakaa sote watatu. Ng'ambo ya barabara, ndani ya ile nyumba iliyojaa watu, simu ikaanza kulia.

Zena alitazama simu mkononi mwa mdogo wake, akatazama nyumba.

"Nenda kapokee," Hamisa akamwambia.

Akaenda. Akakimbia na zile ndara kwenye theluji, mwanamke wa makamo na dhahabu zake, akiwapiga wageni vikumbo mlangoni. Ikalia, ikalia. Ikakatika kulia.

"Assalamu alaikum, dada," Hamisa akasema. "Ni mimi. Nauliza, ile sare umenunua duka gani?"

Nilishuka nikafunga mlango taratibu, nikawaacha wazungumze.